Siku Baba Alipotutaja kwa Idadi

Kiingereza nilifundishwa na fundi cherehani, na asije mtu akanicheka, maana kilikuwa na uhai kuliko kile cha vitabuni. Fundi yule alifanya kazi miaka mingi jikoni kwenye meli ya ziwani kabla ya kufungua kibaraza chake Mwanza mjini. Wazungu wa melini, alisema, hawaongei kama vitabu vyenu. Kitu kikiwa tele ni "heaps". Mtu akichoka hoi ni "dead tired". Kikiwa kidogo tu ni "a bit". Alinifundisha kila alasiri huku mguu wake ukikanyaga cherehani, bure kabisa.

Ilikuwa mwaka mmoja hivi kabla ya Uhuru. Nilikuwa nakaa kwa shangazi Mkolani, nimemaliza darasa la nane, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kusomea uuguzi. Nilikuwa nimemuuguza bibi, mama mzazi wa baba, miaka mitatu mpaka akafariki, na tangu hapo sikuiona kazi nyingine. Nafasi zilikuwa chache, na kila msichana alihojiwa kwa Kiingereza na metroni, mkuu wa wauguzi hospitalini, mama wa Kizungu.

Siku ya usaili baba alikuja na basi kutoka Misungwi. Sasa baba yangu, mfugaji, alitulea kwa sheria moja: kilicho chako hakihesabiwi mbele za watu. Ukimuuliza ana ng'ombe wangapi atakujibu, "Watoto wanapata maziwa." Ana watoto wangapi? "Wapo wapo." Kukitaja kitu kwa idadi ni kukiitia mauti. Na kujisifu ndiyo kabisa! Ukiulizwa kama unajua kupika unasema kidogo, hata kama harusi nzima imekula kwa mikono yako.

Fundi aliliona hilo mapema. "Mwanangu," aliniambia, "mle ndani uyaache ya kwenu. Mzungu ukimwambia 'a bit', anaandika kidogo. Wewe sema 'heaps'. Haya, sema!" Nikasema. Pale kibarazani nilisema vizuri sana.

Wapi! Metroni aliniuliza kama nimewahi kuhudumia mgonjwa. Kichwani nilikuwa na "heaps", mdomo ukatoa "a bit". Naipenda kazi hii? "A bit." Nina nguvu? "A bit." Lo, mjinga mimi! Akaandika, akafunga daftari.

Nilitoka nalia, na hasira zote nikammwagia baba palepale kwenye benchi, mbele ya fundi aliyetusindikiza. "Ni wewe, baba! Kidogo, kidogo, kila kitu kidogo! Haya, nafasi nimeikosa!" Sikuwahi kusema na baba hivyo kabla ya siku ile, wala baada yake.

Baba alisimama, akavua kofia, akamwambia fundi, "Twende ukanisemee," kisha akabisha hodi. Mlango waliuacha wazi, nikamsikia akiongea kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, polepole, fundi akitafsiri.

"Mama yangu alilala kitandani miaka mitatu. Binti huyu alimbeba mgongoni kila asubuhi, akamtoa juani. Kila siku alimwogesha. Kila siku alimgeuza mara nne. Mama yangu tumemzika hana kidonda hata kimoja. Nina watoto tisa, mama. Hakuna kama huyu."

Tisa! Maisha yangu yote sikuwahi kuisikia idadi yetu ikitoka kinywani mwa baba. Metroni akalifungua tena daftari, akakata alichokuwa ameandika.

Tulipokuwa tunarudi stendi nilitaka kurukaruka, lakini baba alikuwa na hofu, na hakuificha. Alinishika mkono, jambo ambalo baba wa kwetu hamfanyii binti mkubwa, na hakuuachia mpaka basi lilipokuja.

"Nimewataja," alisema. "Nimewataja wote. Sasa msije mkanifia."

Nilimpenda baba yangu siku ile kuliko ninavyoweza kusema, kwa lugha yoyote.

Hatukumfia. Tulimzika sisi, wote tisa, akiwa mzee sana. Miezi yake ya mwisho nilimuuguza mimi, nikamgeuza mara nne kila siku.