Aliyepaswa Kukata Kamba

Burul alipata kazi kwa sababu ya kula. Mimi ndiye niliyempeleka, kwa hiyo najua ninachosema. Alikuwa amezunguka soko la Yiwu, huku China, ghorofa kwa ghorofa, duka kwa duka, na Kichina chake cha chuo cha Bishkek, mji mkuu wa kwetu, na kila bosi alimjibu kwa tabasamu, "Acha namba yako." Masikini ya Mungu, alirudi chumbani kwangu na furaha tele, akakaa na simu mapajani akingoja iite.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "huku 'acha namba yako' maana yake ni 'nenda salama'."

Alilia kidogo, kisha akauliza kama kuna chai.

Kesho yake nikampeleka kwa Bosi Lou, muuza zipu na vifungo, ambaye nimemfanyia kazi miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wateja wake wengi ni wenye karakana za kushona nguo Bishkek, watu wetu, na mimi peke yangu nilikuwa siwawezi tena. Bosi hakumuuliza cheti. Alimuuliza kama amekula, akamvutia kiti kwenye meza ileile tunayofungia vifungo, tukala wali na mayai ya nyanya. Burul alikula akashiba bila haya, kisha akaosha bakuli lake na la bosi. Bosi akanigeukia mimi, "Aje kesho."

Lakini kuipata kazi si kuishika. Nilimfundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Ufike dukani kabla ya bosi. Mchana wenzako wakilaza vichwa mezani wakauchapa usingizi, na wewe laza chako hata kama huna usingizi. Bosi akikosea mbele ya mteja, wewe hukuona. Na akikuambia "tutaangalia", ujue amekataa.

"Kwa nini asiseme hapana, yakaisha?"

"Kwa sababu ana adabu."

"Adabu gani hiyo ya kumning'iniza mtu?"

"Ndiyo hiyohiyo inayotulisha, kwa hiyo funga mdomo." Kibali chetu cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri. Ukimuudhi yeye, umeiudhi China nzima.

Yote hayo aliyashika. Kilichomshinda ni kuishi bila mwanawe, Bektur. Alimwacha mtoto huyo kwa mama yake, Kalipa, kijijini kwetu Naryn, alipokuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Baba wa mtoto alikwenda Urusi kutafuta kazi akapata na mke mwingine. Huyo sitaki kumtaja zaidi. Kila mchana, wenzake wakikoroma, Burul alilaza shavu mezani na kuishika simu chini ya meza, akimtazama mwanawe akitambaa kwenye zulia la sufu. Hamu ya mtoto ilimkaa mwilini. Nilimwona mara nyingi amekumbatia furushi la zipu bila kujijua.

"Dada, mikono yangu mitupu," aliniambia siku moja.

"Ipo kazi ya kuijaza hapo kwenye katoni," nikamjibu. Akacheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Majira ya vuli yakaingia, na Kalipa akasema mtoto anasimama kwa kushika ukuta. Kwetu, mtoto anapotaka kuanza kutembea, hufungwa miguu kwa kamba iliyosokotwa kwa sufu nyeupe na nyeusi. Watu hukusanyika, na mtu aliyechaguliwa huja mbio na kisu akaikata, ndipo mtoto huenda. Huyo hachaguliwi hivihivi, kwa sababu anayekata humpa mtoto hatua zake. Mtoto huja kufuata mwendo wake.

"Nimekuchagua wewe," Kalipa alimwambia Burul kwenye simu. "Lakini fanya haraka, mwanangu. Miguu yake haijui kusubiri."

Vuli ndiyo wakati ambao duka halina pa kukanyaga kwa wingi wa mizigo. Nilimsihi Burul atulie, nitafute mlango wa kupitia. Hakutulia. Siku ya sikukuu ya Wachina ya mwezi mpevu bosi alitupeleka sote hotelini pamoja na wateja wakubwa, na mama yake mzazi akakaa kando yake. Sasa, kwetu mtu mwenye ombi zito hulitoa mezani, mbele ya watu, amenyanyua glasi. Anayeombwa hivyo ametukuzwa. Nilipomwona Burul anasimama, nilimvuta sketi. Akaupiga mkono wangu.

Alimsifu bosi kama baba. Akamsifu mama aliyemzaa. Kisha, na glasi yake ya chai juu, akasema, "Mbele ya mashahidi hawa, nakuomba uniruhusu niende nikakate kamba ya mwanangu."

Wateja wakamgeukia bosi kuona atajibu nini, na mizigo yao ndiyo kwanza inafungwa. Bosi akatabasamu mpaka masikio yakawa mekundu.

"Tutaangalia," akasema. "Tunywe, tunywe!"

Burul akakaa, uso unang'aa. "Umeona, dada? Amekubali!"

"Amekukatalia, mwendawazimu wee! Na umemvua nguo mbele ya wateja."

Tuliporudi kazini, kiti chake kilikuwa kimehamishiwa stoo, nyuma ya katoni. Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu anayegombezwa bado anatakiwa. Mimi nilikasirika, namkasirikia Burul, namkasirikia bosi, namkasirikia hata yule mtoto kwa kuwa na haraka ya kutembea.

Nilikuwa stoo na Burul, nampa maneno yake, wakati mama yake bosi alipoingia polepole na chungwa mkononi. Aliishi juu ya duka na kwa kawaida hakushuka. Akaketi juu ya katoni, akaanza kumenya.

"Mtoto wako anakuitaje?" akamuuliza Burul.

"Bado hajui kusema, Bibi."

"Wangu alijua." Akampa kipande cha chungwa. "Nilimwacha kwa bibi yake milimani, nikaenda mjini kushona mashati. Narudi Mwaka Mpya na koti jipya nimemnunulia, akajificha nyuma ya bibi yake. Akaniita shangazi."

"Leo ndiye bosi wenu," akasema. "Ananiheshimu sana. Ananiheshimu kama mgeni."

Alimaliza chungwa lake, akapanda ngazi. Sijui walisemezana nini na mwanawe. Asubuhi yake Bosi Lou alipita stoo akitazama dari na kusema, kama anayeongea na katoni, "Wiki hii hakuna kazi nyingi." Katoni zilikuwa zimefika hiyo dari. "Burul akapumzike kwao. Akirudi, akae mbele."

Burul akataka kumrukia shingoni. Nikamkanyaga mguu.

Siku yenyewe ya kukata kamba mimi nilikuwa Yiwu, mchana, shavu mezani, simu chini ya meza. Jirani mmoja alinishikia simu kule uani kwa Kalipa. Niliwaona watu, maandazi yetu yamemwagwa juu ya kitambaa, na Bektur amesimamishwa katikati, miguu imefungwa, anashangaa. Kalipa akampa Burul kisu. Burul akaja mbio, akapiga magoti mbele ya mwanawe. Mtoto akamtazama yule mwanamke, hakulia wala hakucheka.

Burul akaishika kamba. Akasita. Kisha akageuka kumtafuta Sonun, jirani yao, mkamuaji wa ng'ombe, ambaye hajawahi kuvuka mlima wa kijijini kwetu.

"Sonun, njoo ukate wewe."

"Una wazimu?" Kalipa akapiga kelele. "Mama yake ni wewe!"

"Ndiyo maana. Atachukua hatua za atakayekata. Zangu mnajua zinakokwenda."

Sonun akakata. Bektur akayumba, akanyanyua mguu, akaenda. Burul alikuwa bado amepiga magoti na mikono wazi. Mtoto alimpita, akaenda kushika sketi ya bibi yake.

Uani watu walishangilia. Mimi nililia, sioni haya kusema, nililia juu ya vifungo vya watu. Nilipoinua kichwa, wenzangu wote walikuwa wamelala. Bosi Lou alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini, macho yake kwenye simu.

"Amemwendea nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Bibi yake."

Aliitikia kwa kichwa. Akaenda kwenye kiti cha Burul, kile cha mbele, akakipangusa vumbi kwa kiganja. Halafu akapanda ngazi, naye si mtu wa kupanda huko mchana. Mlango ukafunguliwa, na nikamsikia akisema, "Mama, umekula?"