Mbwa Nitakayeshindwa Kumwita

(Aliyetuletea kisa hiki anaishi upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Jina lake tunalo, ila hatulitoi. Msomeni kwa huruma.)

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, kwa jinsi mama yangu anavyokumbuka. Nilizaliwa Matema kwa wafinyanzi, nikaolewa huku bondeni kwa Wanyakyusa. Sijajaliwa mtoto. Kuandika nilifundishwa shule ya misheni. Nawaombeni mnifiche vizuri, maana nikijulikana nitarudishwa kwetu na mzigo kichwani.

Ninyi mlio mbali lazima niwaeleze kwanza desturi ya hapa. Mke hamwoni baba mkwe wake. Nikisikia kikohozi chake njiani, najifunika kaniki na kuingia migombani mpaka apite. Jina lake silitaji, wala neno lolote linalofanana nalo. Sasa jina la baba mkwe wangu limetokana na neno la Kinyakyusa la mnyama yule, chui. Kwa Kiswahili naliandika bila hofu, kwa sababu Kiswahili hakimgusi. Kwa Kinyakyusa mimi husema "yule wa madoa", na watoto wa jirani hunicheka.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, chui aliingia kwenye zizi la mbuzi nikiwa peke yangu nyumbani. Nilipiga kelele nikamtaja, neno lenyewe kabisa, kwa sauti ya kusikika hadi mtoni. Watu walikuja na mikuki, chui akakimbia, mbuzi wote wakapona. Nani alinishukuru? Hakuna. Jioni ile ile kikao kilikaa juu yangu, na kaka yangu akaitwa kutoka Matema aje na beberu wa kuomba radhi. Tangu siku hiyo mama mkwe ana wimbo mmoja tu: "Ulimtaja mzee, ndiyo maana tumbo lako limefunga." Mwalimu wa misheni anasema hayo ni maneno ya giza. Sawa, lakini mwalimu haishi na mama mkwe wangu.

Mume wangu anafanya kazi ya ujenzi bomani kwa Wadachi, huko milimani, na hukaa huko miezi. Nguruwe mwitu wanachimba magimbi yangu kama shamba ni la baba yao. Ndipo mama aliponiletea habari kwamba mbwa wetu wa Matema, yule aliyekuwa akinifuata nikichota udongo nilipokuwa msichana, ana mimba. Nikamwambia mama, naomba mtoto mmoja. Nilifurahi hata nikajionea aibu.

Sijawahi kufuga mbwa wangu mwenyewe. Nilimfinyangia bakuli pana, zito chini, lisipinduke. Nilisuka kijamvi cha majani makavu ya mgomba nikakiweka karibu na mafiga. Niliziba matundu ya ua kwa matete. Nilianika dagaa nikawaficha darini, paka wa mama mkwe asiwapate. Na jina nilimpa kabla hajazaliwa: Mwenzangu. Nilikuwa nikilitaja taratibu nikipalilia, kujizoeza.

Wiki iliyopita mama alikuja kwa mtumbwi na vyungu vya kuuza, akapita kwetu. Mume wangu alikuwa amerudi.

"Ugonile, mama," mume wangu alimsalimu vizuri tu.

Mama akaitikia, akasema, "Wako watano. Wa kwako nimemchagua jike, ana madoadoa mgongoni. Jumamosi uje umchukue."

"Ana madoadoa?" akasema mume wangu. "Basi jina lake limeshapatikana." Akalitamka kwa Kinyakyusa, jina la mnyama yule, huku akinitazama usoni. Mama mkwe akaziba mdomo kwa kanga akicheka. Mama yangu akainamia vyungu vyake.

Nikamwambia mume wangu, "Bwana, mbwa huyu ni wa kunisaidia mimi shambani. Nitamwitaje?"

"Utampigia mluzi."

"Mwanamke apige mluzi nyumbani kwangu!" mama mkwe akadakia. "Apige makofi."

"Basi tumwite hivyo hivyo kwa Kiswahili," nikasema. "Chui."

"Mbwa wangu haitwi kwa lugha ya bomani," mume wangu akajibu. Na ni mtu huyo huyo ambaye akirudi kutoka kazini hunitukana kwa Kiswahili kitupu.

Usiku nilimuuliza kama alisahau habari ya zizi. Akasema, "Sijasahau. Ni utani tu, wewe huna hata utani." Akageukia ukutani. Ndugu zangu, hapo niliumia kuliko siku ile ya kikao. Wengine walinihukumu kwa desturi yao, lakini huyu amechukua kidonda changu akataka kukifuga ndani ya ua wangu, kila mtu akiite asubuhi na jioni isipokuwa mimi. Namchukia, na bado nampikia.

Nikimleta, jina langu la Mwenzangu sitathubutu kulitaja mbele yao; atajifunza kuwakimbilia wale wanaoweza kumwita, na nguruwe wakija nitabaki napiga makofi peke yangu. Nikimwita kwa jina alilompa mume wangu, nitatozwa beberu mwingine, na tumbo langu litasemwa mpaka nizeeke. Nikimwacha, mama atampa mtu mwingine, nami nitabaki na bakuli.

Jumamosi iko karibu. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, wake kwa waume, niende Matema au nisiende? Nipeni shauri, kichwa changu kimechoka. Na mkinijibu, nawaomba msimtaje kwa madoa yake. Andikeni Mwenzangu, ili angalau mahali pamoja aitwe hivyo.