Maji Yaliyotoka Ng'ambo ya Ukuta

Marehemu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na karakana yake ilikuwa chumba cha chini ya nyumba, kilichozama ardhini hadi usawa wa madirisha. Vitabu vya sala, kamusi, rejista za shule, vyote vililetwa kwake vikiwa hoi. Alisema kitabu cha mtu ni amana, na amana hailoweshwi.

Ndiyo maana alichimba shimo konani la kukusanya maji yanayochuruzika, akaweka pampu. Aliyeifunga ni mdogo wake, fundi bomba, waliyepakana naye ukuta. Baba yao alipofariki, mdogo huyo alikuwa na miaka tisa. Marehemu ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamtafutia ufundi.

Mwaka ule wa mvua nyingi pampu haikupumzika.

"Kaka, imezidiwa," mdogo wake alisema, ameinamia shimo. "Tuongeze ya pili, na ya tatu ya betri, umeme ukikatika ulale salama."

"Tatu? Mimi najalidi vitabu, sihamishi ziwa."

"Ardhi imeshiba, kaka. Tufanyeje?"

Wakafunga. Kila asubuhi baada ya sala marehemu alimimina ndoo ya maji shimoni kuzijaribu, akangoja boya lipande na pampu zingurume, akaiangalia betri kama anayemuuguza mgonjwa. Lakini mvua zilikatika, wiki tatu zikapita, udongo wa nje ukapasuka, na pampu bado zikinguruma. Mchana mmoja umeme ulikatika, betri nayo ikaishiwa nguvu, maji yakafika rafu ya chini. Vitabu kumi na viwili vya sala vikavimba, kurasa zikagandana.

Mkewe alisimama ngazini, akauliza, "Mume wangu, jua lote hili, haya maji yanatoka kwa nani?"

 Marehemu alichukua chupa ya rangi nyekundu, ile ya kupaka kingo za kurasa, akaenda nyumba ya pili, kwa mdogo wake. Shemeji yake alimkaribisha. Mumewe alikuwa kazini. Marehemu akashuka chini, akaimimina rangi yote katika shimo lao la maji ya kufulia, lenye pampu na betri kama lake. Alirudi polepole, kama mtu asiyetaka kufika. Kabla ya saa moja kupita, maji yake yalikuwa mekundu.

Mdogo wake aliporudi kutoka kazini, akaitwa.

"Bomba lako linamwaga wapi?"

"Kwenye mtaro wa barabarani, kaka."

"Njoo uone."

Aliyatazama yale maji, akajifuta mikono mikavu kwenye suruali. "Lilipasuka nilipojenga banda la gari. Nikaligeuzia huku ukutani, kwa muda tu."

"Ulipofunga pampu ya pili, ulijua?"

Mdogo wake aliitazama betri.

"Na ya tatu?"

"Kaka, maji ni ya Mungu."

"Maji ni ya Mungu. Bomba ni lako."

Kesho yake mdogo alikuja na vifaa, tayari kurekebisha kila kitu. Marehemu alimzuia mlangoni. "Rekebisha la kwako. Langu nitaita mtu mwingine."

Walisali pamoja hadi mwisho, safu moja, wakapeana mikono. Alituambia sisi tuliosali nao kwamba amemsamehe, na mimi namwachia Mungu anayejua mioyo. Ila chini hakumshusha tena.

Fundi mgeni alipokuja, alizikagua pampu, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Mzee, aliyefunga hizi anaijua kazi."

"Anaijua," marehemu alisema. "Nilimsomesha mwenyewe."