Nyasi Juu ya Marumaru

Kila alasiri, mkewe akishapotelea kwenye kona ya migomba na dumu la maziwa mkononi, Rwegasira huchukua mundu, hushuka bondeni nyuma ya nyumba na kukata nyasi. Huzikung'uta vizuri mpaka zisitoe hata chembe ya vumbi, kisha huzikumbatia kifuani, huingia nazo sebuleni, na mlango hufungwa. Jua likikaribia kuzama, nyasi zote hutolewa na kutupwa migombani, na sebule hufagiwa ikabaki kama vile hapakuwa na kitu.

Anatolia, mkewe, hakuwa na habari. Kwake yeye Rwegasira alikuwa karani mstaafu wa chama cha ushirika wa kahawa, mtu wa maneno machache, mwenye ugonjwa mmoja tu: muziki. Sebule yao pale Nyakahanga ilikuwa na vitu ambavyo wageni walidhani vimetoka hospitali. Palikuwa na amplifaya ya zamani, ile ya taa za kioo zinazowaka polepole kama makaa, aliyoinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao. Palikuwa na mashine ya santuri yenye mkono mwembamba, na spika mbili alizoziundia maboksi mwenyewe kwa mbao za mti wa msizi, kila moja ikimfika Anatolia kiunoni. Santuri zenyewe, za muziki wa dansi wa enzi za ujana wao, zilipangwa kabatini zimesimama. Anatolia aliruhusiwa kufuta vumbi kabati. Sindano ya mashine ya santuri hakuruhusiwa kuigusa.

Mwaka jana Jasson, mtoto wao wa pekee anayefanya kazi Mwanza, aliwawekea marumaru sebuleni. Nyeupe, zenye mishipa ya kijivu. Wanawake wa kwaya walipokuja kuzitazama walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na Anatolia akajiona amekuwa mtu.

Siku moja, akifagia chini ya kochi, ufagio ukatoa unyasi mmoja mbichi. Aliuokota, akaunusa, akautupa. Kesho yake akakuta mwingine, umenasa kwenye mguu wa spika.

Aliyemfungua macho ni Sperancia, jirani waliyepakana naye shamba.

"Mama Jasson, waitu, mwenzangu, mnategemea mgeni gani?"

"Mgeni? Hatuna mgeni."

"Basi mzee anamtandikia nani nyasi? Kila ukienda na maziwa yako, yeye namwona anapandisha mzigo. Mimi nikasema, hawa wanapokea askofu, na wametunyima habari."

Anatolia akacheka, lakini kicheko kilimkaukia mdomoni. Kwa Wanyambo kama wao nyasi mbichi hazitandikwi kwa sababu mtu amejisikia tu. Hutandikwa Krismasi. Hutandikwa wakwe wakija. Na hutandikwa siku bibi harusi anapoingizwa ndani. Krismasi ilikuwa mbali, na Jasson hakuwa ameoa. Likabaki moja.

Hilo moja halikumtoka akilini. Alikuwa amezaa mara moja tu, na wifi zake walishawahi kusema msibani, mbele za watu, kwamba kaka yao anahitaji kuongezewa mke. Rwegasira hakuwajibu. Miaka yote Anatolia aliuchukua ukimya ule kama kukataa. Sasa akaanza kuupima upya. Mtu anayenyamaza huenda amekataa. Huenda pia anasubiri.

Tangu hapo akawa hatazami kitu ndani ya nyumba yake bila kukishuku. Blanketi la wageni, lile zito la sufu, lilikuwa limekunjwa sandukuni kama kawaida, lakini si kwa mkunjo wake. Kiti kikubwa kilikuwa kimesogezwa kutoka ukutani hadi katikati ya sebule. Alikirudisha, na kesho yake akakikuta katikati tena. Kisha akamsikia mumewe akiongea na simu nyuma ya kichanja cha kahawa, sauti ameishusha.

"Vero, liwe zito. Zito kabisa... Hapana, usilete nyumbani, nitalifuata mwenyewe. Mama Jasson asijue kwanza."

Anatolia hakumjua Vero yeyote. Rwegasira alipotoka kwenda Kayanga na kurudi, alimsubiri aingie kuoga, akafungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na pazia jipya, rangi ya damu ya mzee, zito kama godoro. Na mnunuzi ni mume wake, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kujua madirisha yao yana mapazia ya rangi gani. Akalirudisha kama lilivyokuwa.

Usiku ule alilala akiugeukia ukuta. Asubuhi alimpigia simu Dastan, mdogo wake anayefuga ng'ombe Mabira.

"Dada, una uhakika?" Dastan akauliza. "Shemeji huyo hata kuku wa kienyeji wanamshinda. Ataweza wake wawili?"

"Usinitanie, Dastan. Nyasi zimetandikwa. Pazia limenunuliwa."

Dastan akaacha utani. "Kama ni hivyo, njoo. Nyumba ya mama haina mtu, maziwa yapo. Lakini muulize kwanza kwa mdomo wako. Usije ukanifikia hapa na maneno ya Sperancia."

"Nitamuuliza swali moja tu. Ni nani. Akishanitajia jina, napanda gari Omurushaka, nakuja."

Akafungasha nguo zake kwenye begi, akalisukuma chini ya kitanda. Picha ya harusi aliishika kwa muda mrefu, akaamua kuiacha ukutani ili huyo atakayekuja aione.

Alasiri alitoka na dumu lake kama siku zote. Alipofika kwa Sperancia akaliweka chini.

"Niende nawe?" Sperancia akauliza, tayari amejifunga kanga ya pili.

"Baki."

"Basi nitakaa hapa kwenye mpaka. Ukipiga kelele nitasikia."

Alirudi kwa njia ya migombani, polepole, majani makavu yakimsaliti kila hatua. Dirisha la sebule lilikuwa limefunikwa na lile pazia. Nyuma yake kulisikika sauti ya mwanamume akiimba, na gitaa likimjibu. Anatolia akasukuma mlango.

Marumaru hazikuonekana. Sakafu yote ilikuwa nyasi, zimetandikwa kwa ustadi kutoka ukuta hadi ukuta, kama nyumba ya bibi yake. Blanketi la wageni lilikuwa limeangikwa ukutani kwa misumari. Katikati, kwenye kiti kikubwa, Rwegasira alikaa peke yake, macho ameyafumba, mikono magotini. Taa za amplifaya ziliwaka.

Anatolia akapita mbele yake. Akafunua pazia. Akaenda chumbani, akainama chini ya kitanda, akaona begi lake tu. Akafungua kabati la nguo, akatazama mpaka stoo, kwenye magunia ya maharage. Aliporudi, mumewe alikuwa amefumbua macho na anamtazama.

"Unatafuta nini, Mama Jasson?"

Anatolia akachungulia nyuma ya spika. Rwegasira akazifuata kwa macho zile nyasi, kisha uso wa mkewe, na taratibu kitu kikamwingia akilini. Yeye naye ni Mnyambo. Hakuwa amewaza kabisa kwamba mtu angeziona.

Akanyanyua sindano, muziki ukakatika. Akachukua ufagio, akasukuma nyasi zote upande mmoja, akalishusha blanketi, akalivuta pazia kando. Akapiga kofi moja katikati ya chumba. Kofi likarudi kutoka sakafuni na ukutani, kali, kama bati lililoangushwa. Akarudisha nyasi, akaangika blanketi, akafunga pazia. "Hili kalishona Vero, fundi cherehani wa Kayanga," akasema. Akapiga tena. Kofi likafia hapohapo mikononi mwake.

"Tangu marumaru ziwekwe," akasema, "tarumbeta inanichoma masikio. Mwimbaji hasikiki anasema nini. Nyasi zinameza kelele. Ila zikikauka zinatoa vumbi, na vumbi linaua sindano, ndiyo maana nakata kila siku."

Anatolia alikaa kwenye mkono wa kile kiti. Swali aliloliandaa halikuwa na kazi tena. Huko nje Sperancia alikohoa, akauliza kwa sauti kama kuna usalama.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" Anatolia akauliza.

Rwegasira akaushika mkono wa mashine ya santuri, bila kuuinua.

"Niliogopa ungesema marumaru zibaki, muziki ndio uondoke."