Giligilani na Presha ya Mama Mkwe

Hadi leo, mwanangu, naikumbuka asubuhi niliyopanda giligilani nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, hapa Gisenyi. Nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili, nimetoka Mwanza nilikozaliwa, mbegu nimezifunga kwenye pindo la kanga. Zilipoota, mama mkwe, aliyekulia Goma na kuzoea seleri, alinusa jani moja akakunja uso.

"Ayii! Hii kitu iko na harufu ya kunguni. Mutu anakula hii?"

Watu wanakula, nikajibu moyoni, na wewe utakula. Kiburi cha jikoni nilikuwa nacho, nakiri, na sijakiacha.

Mama mkwe alikuwa na presha. Kituo cha afya walimpa vidonge vya kila siku, wakamwambia apunguze chumvi. Vidonge alimeza, chakula kisicho na chumvi kilimshinda. Anaonja maharage, anasukuma sahani. Alikonda mpaka vitenge vikawa vinampwaya, na mume wangu akaanza kuniangalia kama mimi ndiye ninayemnyima.

Basi nikaingia kazini. Mbegu nilizikaanga kidogo bila mafuta, nikazitwanga, nikazitia kwenye maharage yakichemka, tumbo lisijae gesi. Majani sikuyachemsha hata siku moja, maana harufu yote hupotea. Niliyakatia juu sufuria ikishaepuliwa. Na mabua, ambayo ninyi mnayatupa, jamani, mabua niliyatwanga na kitunguu saumu, pilipili kidogo na ndimu, nikawapaka sambaza wabichi wa Nyamyumba, wale dagaa wa ziwa letu, kabla ya kuwakaanga. Chumvi, chembe tu.

Siku ya kwanza alimaliza sahani. Ya pili akaomba aongezewe. Mwezi haujaisha, majirani wakawa wanabisha hodi kuomba majani, na yeye mwenyewe anawajibu, "Muombe mukwe yangu, ni yeye iko fundi."

Hapo kichwa kikanivimba. Nilimwona anacheka, anapanda kilima cha kanisani bila kupumzika, nikamwambia, "Mama, hivyo vidonge vya nini tena? Giligilani inatosha." Akaviacha. Aliniamini kwa sababu nilimlisha vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Jumapili ya tatu alianguka mlangoni pa kanisa. Wanaume wanne walimbeba hadi kituo cha afya kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kusukwa, nami nyuma yao peku, nalia kama mtoto. Muuguzi alimpima, akauliza kwa ukali nani aliyemwambia aache dawa. Nikarudi nyuma ya wale wanaume wanne.

"Ni mi mwenyewe," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo. "Nilisahau."

Hakunigusia jambo hilo mpaka tuliporudi nyumbani tukabaki wawili. Nilimwomba msamaha, nikamwambia naenda kuing'oa giligilani yote.

"Utang'oa nini? Ile majani ilikosa nini?" akanikatiza. "Jikoni we iko mukubwa, hakuna mutu anakushinda. Lakini we si munganga. Bon, leta dawa yangu, kisha upike. Niko na njaa."

Sijawahi kukaripiwa kwa heshima namna ile. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, kidonge asubuhi, giligilani mchana, na kila mgeni aliyefika alisimuliwa habari za mkwe wake fundi.

Sasa, mwanangu, nimesoma tangazo la mgahawa wako mpya. Nimejivuna mpaka nikawaonyesha majirani. Lakini umeandika kwamba giligilani inaponya presha na kisukari. Yafute maneno hayo leo hii. Sema inaleta hamu ya kula, inatuliza tumbo, inamfanya aliyepunguza chumvi afurahie sahani yake. Hayo niliyaona kwa macho yangu, na yanakutosha kutembea kifua mbele. Mgonjwa akikuuliza kuhusu vidonge vyake, mpe chakula, kisha mwambie akamuulize daktari wake. Usijibu wewe, hata akusifu vipi.

Mungu aibariki mikono yako na ayajaze masufuria yako, na kila atakayekula kwako aondoke kwa miguu yake mwenyewe, na arudi tena kwa miguu hiyohiyo.