Kabichi Zangu na Baba Mkwe

Kwetu Rungwe mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akipita njiani, unaingia migombani na kumpa mgongo. Mkikutana ghafla, naye anageuka upesi. Hata sauti yako asiisikie. Niliishi hivyo miaka sita bila kulalamika.

Miaka hiyo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wachuuzi walianza kutufuata hadi kijijini kwetu Lupepo. Asubuhi moja nikipalilia kabichi zangu nyuma ya nyumba, nilisikia kikohozi cha baba mkwe, kile cha kunionya nijifiche. Nikakimbilia migombani. Hakuwa peke yake.

"Bustani yangu ndiyo hii," alimwambia mchuuzi. "Kata zote."

Yake! Samadi niliibeba mimi kichwani, mvua ikininyeshea, nikiwa na mimba ya miezi saba. Nikasikia panga: kabichi ya kwanza, ya pili. Mume wangu alikuwa amesafiri. Kumsemesha siwezi, na nikinyamaza kabichi zinakwisha.

Panga liliposhuka mara ya tatu nilijitanda khanga kichwani, nikatoka migombani nikiwaelekea moja kwa moja.

Mzee aliona khanga. Akageuka, akatimua mbio hadi ng'ambo ya mtaro, fimbo yake akaiacha pale pale.

Mchuuzi aliduwaa, panga mkononi. "Kulikoni? Mzee kakimbia nini?"

"Kanikimbia mimi," nilisema. "Haya kaka, mwenye kabichi ndiye huyu mbele yako. Sema bei."