Mistari Mitatu kwa Siku, na Wifi Yangu

Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Kwa hiyo mpangaji mwenzangu hapa Korogwe, mwalimu, aliponiambia niandike haiku moja, kishairi cha Kijapani, kila siku kipupwe kizima, nilimwona hana kazi. Ni binti wa milimani, Msambaa, na kila Juni anatucheka sisi wa bondeni tunavyojikunyata. "Mama, hii ndiyo baridi mnayoililia?" Akanifundisha: mistari mitatu, silabi tano, saba, tano. Andika unachokiona. Usimlaumu mtu, usitie hasira.

Nauza uji karibu na stendi. Mkono wa kulia ukakoroga, wa kushoto ukahesabu silabi kwa vidole. Wateja wakadhani navuta uradi. Kuona, niliona mengi. Watu wa hapa upepo ukishuka kidogo tu wanavaa makoti ya mitumba mpaka magotini, wanatembea kama magodoro yaliyoota miguu. Nikaandika:

Ukungu leo
koti la marehemu
lataka uji

Mwalimu akapiga makofi. Kesho yake nikampa nyingine:

Wembe mkavu
kichwa changu, umande
washangilia

Akanuna. "Mama, hii ni lawama. Haiku hailaumu mtu."

Ukungu wanausifia wale ambao haujawahi kuwakuta wamenyolewa. Mimi ulinikuta. Ilikuwa kipupwe kama hiki, kijijini kwetu upande wa Handeni. Mahindi ya wifi yangu, mke wa kaka yangu, yalikauka. Yangu yalisimama kwa sababu nilipanda mapema, yeye akiwa bado anazunguka kwenye ngoma za watu. Akasema nimemfungia mvua. Akaenda kuwaita lambalamba, wale waganga wanaozunguka vijijini kufukua uchawi. Mwenyekiti wa kijiji akawakaribisha, akawekewa kiti aone vizuri.

Walichimba kwenye mafiga yangu wakatoa pembe. Pembe yenyewe naijua! Ya beberu aliyechinjwa Idi kwa kaka yangu, ina ufa nilioutia mimi kwa panga. Nikasema hivyo mbele ya wote. Kaka yangu akaangalia chini, mwenyekiti akasema, "Mnyoeni." Jirani yangu, aliyeonyeshwa kidole siku hiyo hiyo, alipigwa akafa. Mimi nilinyolewa, nikabomolewa nyumba, nikaja Korogwe na khanga mbili.

Sasa Julai hii, asubuhi, nimeshika upawa, nasikia, "Wifi yangu, hujambo?" Naangalia, ndiye. Kanenepa. Akakaa kwenye benchi kama mtu aliyealikwa. Nikamtilia uji, maana mteja ni mteja.

Akaniambia binti yake anaposwa. Binti huyo nimembeba mgongoni mimi, mama yake akiwa ngomani. Ila upande wa mwanamume wamesikia kwamba shangazi wa bibi harusi ni mchawi, wamesita.

"Wamesikia kwa nani?" nikamuuliza.

"Watu tu, wifi. Si unawajua watu?"

"Nawajua. Mmoja kakaa hapa."

Mzee mmoja mwenye koti akacheka ndani ya kikombe chake. Wifi akasogea karibu. Kilichomleta ni kwamba washenga watafika Ijumaa, basi niende nikawaambie sikufukuzwa, niliugua tu, nikahamia mjini kufuata matibabu kwa hiari yangu.

"Na nywele?"

"Utasema ulinyoa kwa ajili ya homa."

Kumbe hata uongo kauleta umeshapikwa, mimi nimebakiziwa kutafuna! Nikamwambia, "Ijumaa nakuja. Nakuja kusema pembe ilitoka jikoni kwako. Wakijua shangazi si mchawi, mtoto ataolewa. Au sema wewe mwenyewe, mimi nitakaa kimya pembeni."

"Yaani niaibike mbele ya wakwe?"

"Mimi niliaibika mbele ya kijiji."

"Wewe ulishazoea," akasema.

Basi hapo nilimjua upya. Mwanawe hata azeekee ndani, bora yeye asiitwe mwongo. Akanyanyuka, akajifunga khanga vizuri, akaelekea kwenye gari za Handeni. Kikombe hakukigusa. Nilitaka kumfuata, si kwa ajili yake, kwa ajili ya yule mtoto. Mteja akanyoosha kikombe, nikamtilia. Ijumaa ilipita, sikuitwa. Posa imesimama mpaka leo, na najua watakavyosema kijijini: shangazi kamroga.

Siku ile niliandika:

Wifi kaenda
uji wake waganda
nimeumwaga

Mwalimu aliisoma mara mbili, akasema hii ndiyo bora kuliko zote, imetulia, haina lawama hata chembe, ataisoma kwa wanafunzi wake. Imetulia! Nikamnyang'anya daftari, nikaongeza chini yake: Wifi huyu ni mke wa kaka yangu. Ndiye aliyefukia pembe, ndiye aliyewaita lambalamba. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti akatazama. Kaka yangu aliijua ile pembe akanyamaza. Binti yao hana kosa, na mimi sina.

"Mama, sasa umeiharibu," akasema mwalimu.

Nikamwambia akiisoma, aisome yote.